Nilipomshikia Mzee Njuguna Duka

Mkitaka kucheka chekeni, lakini mjue hii aibu bado haijanitoka na nikipita Gitothua huwa nainamisha kichwa.

Jumamosi moja nikiwa off kule kiwandani ninakofanya kazi, niliingia duka la Mzee Njuguna hapo Kamenu, lile la vitu kuukuu, si kununua, kuangalia tu (mimi hupenda kushikashika), maana mle kuna pasi za makaa, kiti cha kinyozi, saa za ukutani ambazo hakuna mbili zinazokubaliana, yaani hujui ni duka ama ni nyumba ya mtu aliyehama akaacha kila kitu. Mzee akaniomba nimshikie duka dakika mbili akanyolewe. Sasa ningekataa vipi? Nani hukataa kushikia mtu duka?

Dakika mbili zikawa saa nzima. Akaingia baba mmoja mnene, ana haraka, akaona koti jeusi limetundikwa kwenye mlango wa kabati, akalivaa, akauliza bei. Nilichanganyikiwa kidogo, lakini nikajiambia, kama hata kiti cha kinyozi kinauzwa, koti ni nini? Tukavutana bei, akalipa, akatoka nalo mwilini, nami nikabaki nikijipongeza (kumbe napoteza kipaji changu kiwandani).

Mzee aliporudi akatazama kabati, akanitazama mimi. Nikampa pesa nikitabasamu. Ndipo akanieleza, midomo ikiingia ndani, ati koti ni lake, ati leo yeye ndiye msemaji wa upande wa mtoto wa ndugu yake kwenye ruracio, kujadili mahari kwa kina msichana, na ati meno yake ya bandia, ambayo huyavaa siku za kuongea tu kwa vile yanamfinya, yako kwa mfuko wa hilo koti.

"Twende wote," akasema. "Wewe ndiye unamjua aliyenunua. Ukimwona njiani, mshike."

Njiani hatukumwona. Tukafika Gitothua, tukaketishwa, mimi Mluhya katikati ya wazee wa Kikuyu sielewi neno, naitikia tu wakiitikia. Halafu baba ya msichana akaingia kutusalimia, na amevaa koti. Lile lile. Akanitazama kama anajiuliza muuza duka amefuata nini kwake. Nikamfinya Mzee, naye akaninong'oneza ninyamaze, mkwe havuliwi koti.

Mzee akasimama kuongea, na badala ya maneno ukatoka upepo mtupu. Mashangazi wakaanza kunong'onezana kwamba amelewa. Bwana harusi alikuwa karibu kulia, na mimi pia. Baba ya msichana kwa kuona haya akatoa kitambaa mfukoni ajifute jasho, meno yakaanguka mezani, katikati ya soda.

"Haya ni ya nani?" akauliza kwa Kiswahili.

Mzee alikuwa ameinama. Sijui nilipatwa na nini. Nikasimama, nikafunika mdomo kwa mkono, nikasema, "Ni yangu, baba. Niliyasahau nikikuuzia koti."

Nikayachukua, nikamwomba Mzee anisindikize nje nikayavae, na tuliporudi Mzee aliongea kama redio. Tukaelewana mahari, harusi ikafanyika.

Siku hizi mtu akitafuta wa kumshikia duka, mimi natoka kabla hajamaliza kusema. Lakini wale wakwe hunialika kila sherehe, na huwa nakula kimya nikiwa nimeona haya, kwa sababu mama ya msichana hunikatia nyama vipande vidogo vidogo, halafu anakaa kando yangu kuhakikisha nimeweza kutafuna.