Uji wa Kunenepesha

Kliniki ya meno hapa Remera inanukia karafuu. Mwanangu amelazwa kwenye kiti, mdomo wazi. Mimi nimesimama na mkoba wake wa shule, nimechoka, na harufu ile inanirudisha jikoni kwetu Gisozi.

Siku moja, nikiwa mtoto, mwalimu alitupima darasa zima kwa mzani wa viazi ulioazimwa sokoni. Mama alipokuja kunichukua, aliambiwa mbele ya watu: "Huyu mtoto ni mwepesi mno. Mlishe."

Mama alikuwa fundi cherehani, na maneno yale yalimchoma. Jioni alipika igikoma, uji wetu wa mtama, akautia sukari mpaka ukanata mdomoni. "Kunywa, mwanangu, unenepe." Nilikunywa asubuhi, nikanywa tena kitandani. Magego yakatoboka. Kutafuna maharage kukawa kunaniuma, nikawa sili, nikazidi kukonda. Naye kila nilipokonda aliongeza sukari. Nikilia, alinitilia karafuu kwenye tundu la jino, akanipakata, vidole vyake vikinuka mafuta ya cherehani, akanibembeleza kwa kikombe kingine.

Daktari anavua glavu, ananigeukia. "Huyu anakunywa nini kabla ya kulala?"

Kabla sijajibu, mama yangu, tuliyekuja naye, anainuka polepole kwenye benchi. Ameshika chupa ya chai yenye igikoma.

"Fanya haraka, dokta," anasema. "Mjukuu wangu amekonda, na uji wake unapoa."