Aliyeliamsha Faili

Wifi yangu ana ugonjwa mmoja: hajui kushona nguo mbaya. Mpe kitambaa cha bei ya kutupa, mpe pazia kuukuu, atakutolea gauni utakalolivaa mpaka majirani wakuchoke. Mtaa mzima unamwita Bi Sindano. Mimi namwita wifi kwa sababu alikuwa mke wa kaka yangu, na kaka alipofariki sikuona kwa nini niache.

Kwao ni ng'ambo ya mpaka. Kaka alimuoa huko akamleta hapa, na kibali chake cha kuishi kilisimama kwa jina la mumewe. Mume alipozikwa, kibali nacho kikazikwa. Ikabidi aombe cha kwake mwenyewe, cha kuishi na kufanya kazi, maana ana binti wa kulea. Binti ni raia kama baba yake, huyo hakuna wa kumgusa. Wa kuguswa alikuwa mama yake.

Akapeleka maombi uhamiaji, akapewa risiti. Risiti ile ilimruhusu kukaa akisubiri, haikumruhusu kufanya kazi. "Ni wiki chache tu," walimwambia. Hoteli aliyokuwa akiishonea mapazia na sare za wahudumu nayo ikamwambia aende, kibali kikitoka arudi. Wiki zikawa miezi, miezi ikavuka mwaka, ukaja wa pili. Hoteli ikaajiri mwingine.

Dirishani palikuwa na karani tuliyembandika jina Bwana Kesho. Angekuwa mkali ningemjibu, kwa mdomo huu niliojaliwa. Lakini alikuwa mpole, ana macho mekundu, na kila siku jibu ni lile lile: faili liko kwa mkubwa, njoo kesho. Nilimsindikiza wifi mara nyingi nikitoka zamu ya kufua mashuka hospitalini, na korido ile ikawa inanikumbusha wodi ya wale wasiotarajiwa kupona. Watu wamekaa kwenye mabenchi, kila mmoja amekumbatia bahasha yake, hakuna anayemwangalia mwenzake. Taa moja ilikuwa ikipepesa juu ya vichwa vyetu. Muda wote tuliokwenda hakuna aliyeitengeneza.

Utauliza, na wakati wote huo walikuwa wanakula nini? Kwani wewe ungekula risiti? Wifi alisogeza cherehani chumbani, akafunga mlango, akatandika blanketi chini ya meza ili mlio usifike nje. Majirani waliingia na vitambaa ndani ya vikapu vya sokoni, wakatoka na magauni. Kila mtu alijua na hakuna aliyesema. Gari likipunguza mwendo barabarani, wifi aliacha kukanyaga, na sote mle chumbani tulibana pumzi mpaka lipite.

Ndipo akatokea wakili mmoja wa ofisi inayosaidia wajane bure. Alisema sheria iko wazi: serikali ikikuchelewesha hati bila sababu ukapoteza kazi, una haki ya kudai fidia. Wifi hakuwa na tamaa ya fedha. Aliniambia tukiwa tunaanua nguo, "Wifi, mimi nataka mtu mmoja tu mwenye joho aseme kwamba walinichelewesha. Halafu wanipe kibali changu nikae na mwanangu." Wakili alimhakikishia kwamba kesi ndiyo itakayowasukuma. Nami nilisema afungue, haki ya mtu haiombwi kwa magoti.

Madai yakaandikwa kwa kiapo kwamba tangu aachishwe hotelini hajafanya kazi yoyote wala kupata kipato chochote. Wifi aliurudia mstari ule kwa kidole, akamwinulia wakili macho.

"Ndivyo yanavyoandikwa, mama," wakili alisema. Wifi akatia saini.

Bwana Kesho alipopokea nakala ya ofisi yake hakusema njoo kesho. Aliinama mpaka paji la uso likagusa kioo.

"Dada," alisema kwa sauti ya chini, "aliyelala usimwamshe."

"Nikimwamsha je?" wifi akauliza.

"Mwisho wake unaujua."

Nikamvuta wifi mkono. "Twende zetu bwana. Kibali kimemshinda, leo anatoa methali!" Tulicheka hadi kwenye ngazi. Tulipofika nje kicheko kilinikauka, na sikupenda kilivyonikauka.

Siku ya kesi wakili alihitaji jirani mmoja tu wa kueleza jinsi mjane alivyotaabika. Akachaguliwa Mama Pacha. Sasa Mama Pacha ni mtu ambaye hata dukani haendi peke yake. Alipita nyumba kwa nyumba akawaambia wenzake wavae vizuri waje, jaji aone kwamba mjane huyu ana watu. Nilikuwa nimekaa mbele na wifi mlango ulipofunguliwa wakaingia wote, wamependeza kama wanaokwenda kupigwa picha. Nilijisikia fahari. Kisha nikahisi vidole vya wifi kwenye mkono wangu, baridi kabisa. Alikuwa akitazama kola, mikono, marinda. Kila gauni aliloshona nyuma ya ule mlango uliofungwa lilikuwa linatafuta kiti mahakamani.

"Waambie watoke," alininong'oneza.

Lakini jaji alikuwa ameshaingia, na sote tulikuwa tumesimama.

Mama Pacha alianza vizuri. Alieleza ukiwa wa mjane, alieleza safari za dirishani, na mimi nikaanza kupumua. Halafu akasimama wakili wa serikali, mtu mpole sana. Watu wapole wa aina ile nimeanza kuwaogopa.

"Pole kwa kusimama muda mrefu, mama."

"Nimeshapoa, mwanangu."

"Gauni zuri hilo. La dukani?"

"La dukani! Thubutu! Hili kalishona huyu huyu mwenzetu unayemwona pale. Mikono yake ina baraka."

"Kweli limekukaa. Zamani hizo, kabla ya matatizo?"

"Zamani wapi? Hata halijafuliwa mara tatu."

"Na malipo, au alikupa tu kwa ujirani?"

Mama Pacha akajinyoosha. Kama kuna kitu asichokubali ni kudhaniwa mdoezi. "Nilimlipa taslimu! Mimi si mtu wa kula jasho la mjane. Waulize hawa, wote walimlipa." Akawageukia wenzake nyuma. "Hebu simameni awaone!"

Wakasimama. Mungu wangu, walisimama wote, wakajigeuza kidogo ili marinda yaonekane. Jaji aliwatazama mmoja mmoja, akainama kuandika. Wakili wetu alikuwa anapekua mkoba wake, na najua hapakuwa na kitu cha kutafuta mle.

"Sina swali lingine," alisema yule mpole.

Hukumu ilikuwa fupi. Jaji alisema ni kweli ofisi ilimchelewesha mama huyu bila sababu. Kwa hiyo maneno aliyoyataka wifi aliyapata, tena kutoka kwa mwenye joho. Lakini aliyeapa uongo hafidiwi, jaji akaendelea, na nakala iende uhamiaji. Ofisi iliyoshindwa kusaini karatasi moja kwa miaka miwili, hii iliisaini kabla ya wiki kwisha. Maombi yamekataliwa kwa kosa la kufanya kazi bila kibali, aondoke nchini kabla ya mwezi kuandama. Ataruhusiwa kurudi lini, hawakuandika. Bwana Kesho aliisukuma barua chini ya kioo bila kuinua uso.

Wifi alitaka aondoke na binti yake. Binti akahitaji pasipoti. Tukajaza maombi, tukayapeleka dirisha lile lile, na unajua tulichojibiwa.

Mama Pacha alikuja analia, gauni kalikunja kwenye mfuko, anataka kulirudisha. Mimi nilikuwa na maneno yangu tayari, makali, nimelala nayo usiku kucha. Wifi akaniwahi. "Livae, mwenzangu. Ulisema kweli." Akamkalisha, akampa maji.

Siku za mwisho alishona mlango ukiwa wazi, blanketi limeondolewa, cherehani ikilia mpaka barabarani. Magari yalipita na hakuacha kukanyaga. Alikuwa anashona sketi za shule za binti, rangi moja, zikipangwa kitandani. Niliokota moja. Pindo lake, ambalo kwa kawaida ni la vidole viwili, lilikuwa shubiri nzima.

"Wifi, mbona pindo lote hili?"

"Utakuwa unalifumua kidogo kidogo, kila akirefuka."

"Na hizi nyingine?"

Akakata uzi kwa meno. Alipotoka kwenda kumpokea mtoto shuleni, nilizipanga kwa ukubwa. Kila iliyofuata ilizidi ya kabla yake. Ya mwisho nilijipima kiunoni. Ilinitosha.