Fundo la Hirizi Kiwikoni

Nilipokuwa mtoto, kule kwetu Wawi, kizingiti cha mlango kilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe huyo si baba yangu. Ni jini. Bibi alitukataza kukikalia, kukiegemea, hata kukikanyaga vibaya. Kwa mguu wangu mimi usiotulia, kila siku nilistahili kuchukuliwa naye!

Mama alikuwa mshona kofia za viua, zile za vitundu vinavyodariziwa kwa sindano, na mwanga mzuri ulikuwa hapo mlangoni. Akiketi mkekani, kiwiko cha kulia juu ya kizingiti, asubuhi mpaka adhuhuri.

"Wee Bikombo, mwenyewe atakushika nkono huo," Bibi akimwonya.

"Akinishika na anisaidie kushona, mama. Bwana harusi anangoja kofia yake."

Akashikwa kweli. Kidole cha mwisho na cha pete vilikufa ganzi, kisha vikaanza kujikunja. Sindano ikawa inamponyoka. Kofia ndizo zilizotulisha sisi. Mkono ule ungekufa, sijui tungekula nini.

Bibi akaleta hirizi, ifungwe kiwikoni na ikazwe, jini asipate pa kupita. Mfungaji nikawa mimi.

"Kaza, mjukuu wangu! Unafunga jini, hufungi mzigo wa kuni!"

Nikakaza. Kila asubuhi nikiongeza fundo, najiona shujaa. Mama akiuma ncha ya kanga.

"Inanichoma mpaka kidoleni, mama."

"Ndiye huyo anatoka," Bibi akamjibu.

Hakutoka mtu. Mwezi mzima vidole vilizidi kujikunja.

Siku moja mama alinipeleka kituo cha afya kwa kikohozi changu. Tabibu, mzee mpole, akaniacha mimi akamwangalia yeye vidole. Akamtafuta mabaka ya ukoma kwenye ngozi, hakuyaona. Akampa karatasi aibane kwa vidole. Tabibu akaivuta, ikatoka bila ubishi. Akambonyeza nyuma ya kiwiko, mama nusura apande juu ya meza.

"Mshipa wa fahamu umevimba, Bi Bikombo. Unaegemea wapi?"

"Kizingitini."

"Na hirizi hii nani aliyeikaza hivi?"

Nikakibana kikohozi changu. Mama hakunitazama.

"Nimeifunga mwenyewe."

Tabibu akaikata kwa mkasi. Akatoa vidonge, akakataza kuegemea popote, akaagiza usiku mkono uzungushiwe taulo usikunjike. Miezi ikapita. Kidole cha pete kikarudi, sindano ikashikika. Cha mwisho hakikunyooka tena.

Bibi hakuacha kusema, "Si nilikwambia kizingiti?" Na kweli alisema. Hilo simnyang'anyi, ingawa jini sijamwona mpaka leo.

Mimi ni mtu wa kuchekesha watu, na mambo ya Bibi na jini wake nimeyasimulia harusini mpaka watu wakashika mbavu. Ya kule kituoni mimi huyaruka. Fundo lile, mafundo juu ya mafundo, hakuna awezaye kulifunga kwa mkono mmoja kwenye kiwiko chake mwenyewe. Tabibu alilijua hilo. Aliniangalia, akaendelea kukata.