Protini ya Binadamu Yupi
Mwaka wangu wa kwanza wa kazi ya maabara Arusha nilirudi likizo kijijini kwetu Endasak, nikamkuta mama akipukuchua mahindi. Nikampa shikamoo, nikakaa kumsaidia. Akaniuliza kazi yangu hasa ni ipi.

Nilimweleza kwamba tunaagiza kutoka nje protini ya binadamu, kidogo sana, ndani ya kichupa kinachotunzwa kwenye friza. Protini hiyo hulegeza nyuzi za DNA zilizojikunja ndani ya seli, ili seli iweze kuzisoma. Sisi tunaichunguza tu, hatumpi mgonjwa yeyote.

"Ya binadamu yupi?" aliuliza mama.

"Hakukatwa mtu, mama. Bakteria wamepewa maelekezo yaliyomo katika mwili wa binadamu, ndio wanaoitengeneza."

"Na hayo maelekezo yalitoka kwa nani? Aliombwa?"

Niliporudi kazini nilisoma karatasi iliyokuja na kichupa, mwanzo hadi mwisho. Ilitaja bakteria na kiwango cha baridi, lakini haikutaja mtu. Nilimuuliza mkuu wangu, naye akakiri kwamba hajui.

Likizo iliyofuata nilimwambia mama hivyo hivyo. Akasema, "Angalau uliuliza."

Nilifarijika, ingawa si sana.