Mama Ada na Saa ya Jumapili Isiyo na Mwenyewe

Jumamosi asubuhi, ndani ya uwanja wa barafu wa mji mdogo wa Wolseth, pumzi za watu zinapanda kama mvuke wa chai. Verna Hladun amepiga goti moja mbele ya mtoto wa miaka sita, anamkaza kamba za viatu vya kutelezea. Goti lenyewe linamuuma na uso unaonyesha, ila mikono haisimami. Akimaliza, anapokea hundi kutoka kwa mama wa mtoto.

“Hii ni ya mwezi huu au ya mwezi uliopita?” anauliza.

“Ya mwezi uliopita, Mama Ada. Ya mwezi huu tuvumilie, mpaka ng’ombe wauzwe.”

“Hao ng’ombe wako nawajua. Kila mwaka wanauzwa, na kila mwaka hawafiki sokoni.”

Wote wawili wanaangua kicheko. Mtoto ameshaingia kwenye barafu, ameanguka, ameinuka, ameanguka tena.

Mji mzima unamwita Mama Ada. Ana miaka sitini na mmoja, na ajira yake ni upishi katika nyumba ya wazee iliyo nyuma ya posta. Lakini kwa miaka kumi na tisa amekuwa pia mhazini wa chama cha hoki cha watoto wa Wolseth, kazi isiyo na mshahara wala likizo. Yeye ndiye anayepanga bajeti, anayepiga hesabu ya ada, na anayegonga milango ya wasiolipa.

“Kazini nabembeleza wazee wasiotaka kula,” anasema. “Nikitoka huko nakuja kubembeleza watu wasiotaka kulipa. Siku yangu yote ni kubembeleza tu.”

Msimu huu kubembeleza nusura kushindwe.

Mwezi wa Agosti, halmashauri ya mji ilitangaza kwamba umeme wa kugandisha barafu umepanda, hivyo saa moja ya uwanja ingepanda kutoka dola themanini na tano hadi dola mia na ishirini. Chama kilikuwa na watoto arobaini na watatu. Verna alikaa mezani kwake jikoni akapiga hesabu, akarudia, akabadilisha kalamu, jibu likawa lile lile. Ada iliyokuwa dola mia nne na themanini kwa mtoto ingefika mia saba na ishirini.

Aliyasema hayo Septemba, mbele ya wazazi waliojaa kwenye kantini ya uwanja. Kelele zilizozuka, anasema, zingeyeyusha barafu.

“Mia saba! Mtoto wangu anacheza hoki au anasomea udaktari?” alifoka baba mmoja.

Mwenyekiti wa chama, Lorne Stebner, mkulima wa kanola, zao la mbegu za mafuta, mwenye sauti ya upole, alijaribu kutuliza. Alisema kuna njia nyingine: kukivunja chama na kuwapeleka watoto wakachezee mji wa jirani, kilomita sabini kutoka hapo.

“Kilomita sabini Januari, barabara haionekani kwa theluji?” alijibu Verna. “Lorne, ukishawafungia watoto uwanja, mwaka wa pili wazazi wanahama, mwaka wa tatu shule inafungwa. Tumeona Dunmore. Nani anaishi Dunmore sasa hivi?”

Dunmore siku hizi wanaishi sungura.

Kikao kikaisha bila uamuzi. Wiki iliyofuata, jina la kwanza likatoka kwenye orodha ya wachezaji. Alikuwa Brynn Kachur, msichana wa miaka kumi na mmoja, kipa pekee wa timu ya rika lake. Baba yake, Vernon, alipiga simu kwa Lorne akasema mtoto hachezi tena.

Verna hakungoja. Alikwenda mwenyewe hadi kwenye banda la Vernon, fundi wa mashine za shamba, akamkuta amelala chini ya trekta.

“Kachoka na hoki,” alisema Vernon kutoka huko chini. “Hapendi tena.”

“Brynn? Hapendi?”

“Ndiyo nimeshasema, Mama Ada. Watoto ndivyo walivyo.”

Verna anasema aliinama achungulie chini ya trekta. Maneno hayo alikuwa ameyasikia zamani, na yeye ndiye aliyekuwa mtoto.

Mwaka 1974 alikuwa na umri ule ule wa Brynn. Kaka zake watatu walikuwa wakicheza hoki, naye aliwafuata kila mahali na gongo lililovunjika ncha, akicheza nao kwenye bwawa la ng’ombe likishaganda. Kocha wa wakati huo alimwona, akamwambia baba yake kwamba huyu binti anaweza kuingia timu na wavulana, ada ikilipwa tu. Baba yake, Metro, alimjibu kocha mlangoni mwa kanisa, watu wakisikia: “Verna hapendi baridi.”

“Nilikuwa nimesimama pembeni yake,” anasimulia, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii sauti yake inapungua. “Nilikuwa naipenda baridi kuliko chakula. Lakini nilinyamaza. Hela ilikuwa ya watoto watatu, na sisi tulikuwa wanne.”

Hakumchukia baba yake. Alimzika kwa heshima zote. Ila anakiri kwamba kila Novemba, maji ya barafu mpya yanapomwagwa yagande na uwanja unanuka ule unyevu wa baridi, hujifuta pua na kusingizia mafua.

Siku ile bandani alilipiga teke dogo gurudumu la trekta.

“Vernon, mwongo wee. Toka huko chini uniambie usoni.”

Vernon akatoka, mikono imejaa grisi, macho hayamtazami.

“Mia saba na ishirini, Mama Ada. Kampuni imenirudisha nyumbani tangu Juni, naokoteza vibarua. Unataka niseme nini? Na usiniletee habari za kupitisha kofia ya michango kanisani. Mimi si wa kuombewa.”

“Nani kataja kofia? Mashine ya chama ya kunolea viatu imekufa, mwaka wa pili huu. Viatu vyote tunavipeleka mji wa jirani na tunalipa huko. Itengeneze, unoe wewe. Hiyo ndiyo ada ya Brynn.”

“Viatu vya watoto wote?”

“Vyote. Na wakilalamika ni butu, nawaleta hapa hapa wakutukane.”

Vernon alijifuta vidole, kimoja kimoja. Kisha akauliza mashine iko wapi.

Kipa alirudi, lakini pengo la bajeti lilikuwa bado limeachama. Verna aliendelea kulitafuna usiku na mchana, akikoroga masufuria ya wazee huku midomo ikihesabu. Ndipo akaiona saa ya Jumapili.

Uwanja hukodishwa kwa fungu la saa nyingi pamoja, na ndani ya fungu hilo kulikuwa na saa moja ya Jumapili asubuhi ambayo hakuna timu iliyoitaka. Miaka yote chama kilikuwa kikiilipia, na barafu ikilala bure.

Oktoba, wanawake wa mji walipokusanyika katika ukumbi wa kanisa kufinyanga perogi, maandazi madogo ya kuchemsha yenye viazi ndani, za karamu ya kuchangia chama, Verna alisimama huku unga ukiwa umempanda hadi viwikoni.

“Saa ya Jumapili naiuza,” alisema. “Wanawake tu. Dola mia mbili kwa msimu mzima. Miaka yote mmewafunga watoto kamba, sasa fungeni zenu.”

Ukumbi ukalipuka kwa vicheko. Tanis, mke wa Vernon, akapaza sauti: “Mama Ada, mimi hata kusimama juu ya barafu sijui!”

“Ndiyo maana tumeweka saa nzima.”

Wakajiandikisha wanawake kumi na wanne. Wa kwanza kulipa alikuwa Verna mwenyewe. Tanis alilipa kwa mafungu, fungu moja akalileta kwa sarafu.

Saa hiyo ikajilipia yenyewe, na karamu ya perogi ikaleta zaidi ya dola elfu mbili. Ada ikashuka hadi mia sita na kumi, yenye kulipwa kidogo kidogo. Chama hakikuvunjwa. Hata hivyo, familia mbili ziliwatoa watoto wao watatu chamani, na Verna hataki zisahaulike katika habari hii njema.

“Watu wananipongeza,” anasema. “Mimi nawaona wale watoto watatu dukani, wananisalimia, halafu wanaangalia chini. Hao ndio bajeti yangu ya mwaka ujao.”

Jumapili moja, mwandishi wa makala haya aliwakuta wanawake uwanjani. Walikuwa wameazima kofia ngumu za watoto wao, na kila walipogongana walicheka hadi wakashindwa kuinuka. Verna alikuwa jukwaani, peke yake, kahawa ikimpoa mikononi. Daktari amemkataza kukanyaga barafu mpaka goti lifanyiwe upasuaji, na foleni ya upasuaji ni ndefu. Amelipia msimu mzima na hajaingia hata dakika moja.

“Mama Ada, shuka basi!” Tanis alimwita akiwa amelala chali.

“Nyie chezeni, mimi nawahesabu!” alijibu. Lakini miguu yake, chini ya benchi, ilikuwa ikisogea kushoto na kulia, taratibu, kama ya mtu anayeteleza usingizini.

Wiki iliyopita hospitali ilimpigia. Upasuaji ni Aprili. Akipona vizuri, barafu ikimwagwa tena vuli, ataruhusiwa kujaribu. Brynn ameshajitolea kumfundisha kusimama tena juu ya barafu, kwa sharti kwamba mwanafunzi asilie akianguka.

Asubuhi hii ya Jumamosi ninamuuliza, kwa utani, akishaweza kusimama tena angependa kucheza nafasi gani. Nilidhani atacheka, au atasema popote watakapomweka.

“Winga ya kushoto,” anajibu papo hapo.

Kwa nini kushoto?

Anakitazama kiwanja, ambako watoto wa Jumamosi wanazunguka kwa makelele.

“Kaka zangu wote walicheza kulia,” anasema. “Kushoto nilikuwa nimejiwekea mwenyewe.”