Nilimsomea Fatiha Ndugu Yangu Aliye Hai

Nina kinyaa na nafsi yangu. Sisemi kwamba nilipitiwa, maana aliyepitiwa huzinduka akaomba radhi. Mimi nilipanga, nikatekeleza, kisha nikala pilau.

Msitafute jina langu. Mimi ni mama wa makamo, naishi Bigwa, nashona sare za shule. Baba wa wanangu tuliachana zamani, yuko mkoa mwingine. Niliyemkosea ni mdogo wangu wa kiume, tumbo moja baba mmoja. Wanangu hawana mjomba mwingine wa damu.

Alifungwa kwa kuua bila kukusudia. Waligombana na jirani wa shamba huko juu mlimani, kisa mfereji wa kumwagilia mboga. Akamsukuma, yule akaangukia mawe, kesho yake akafariki. Mdogo wangu alishuka mlima kwa miguu akaenda polisi mwenyewe, na mahakamani hakubisha neno.

Mwanzoni nilikuwa dada kweli. Siku ya wageni hainipiti. Nabeba sabuni, dawa ya meno na kandambili, nasimama foleni na kina mama wenzangu, naandikisha jina langu na uhusiano wangu naye. Tunaongea kupitia wavu, kila mtu anapaza sauti ili ndugu yake amsikie, askari yuko pembeni. Hakuwahi kuniomba kitu kikubwa. Alichopenda kujua ni kama chumba chake kinavuja. Alikijenga mwenyewe uani, kwenye kiwanja alichotuachia mama, tofali kwa tofali.

Halafu binti yangu mkubwa akapata mchumba.

Wakwe walikuwa watu wa Turiani, watu wa dini, wapole, Waluguru wenzetu wanaojua mila. Na sisi binti haolewi bila mjomba. Baba anaheshimiwa, lakini mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo neno la mwisho ni la mjomba. Mshenga wao alikaa kwenye kochi langu, akanywa chai, akauliza swali alilopaswa kuuliza.

"Sasa mama, mjomba tutamwona lini?"

Ningeweza kusema yuko jela. Ni neno la mara moja tu, linauma, linapita. Lakini niliwaza watakavyorudi kwao na kusema tumekwenda kuposa kwa wauaji. Nikajisikia nikisema, "Mjomba wake alishatangulia mbele ya haki."

Binti yangu alikuwa mlangoni na sinia la maandazi. Nikamkazia macho. Akainamisha kichwa, akaweka sinia mezani. Kwa hiyo hata mtoto wangu nilimfundisha uongo siku ile, tena uongo wa kumzika mtu aliyembeba mgongoni.

Siku ya posa nikamkalisha mkekani binamu yetu wa upande wa mama, awe ndiye mjomba. Mambo yakaenda vizuri mpaka baba wa kijana, mzee mwenye sauti ya taratibu, akasema, "Jamani, kabla hatujaendelea, tumrehemu marehemu."

Wakainua mikono. Na mimi nikainua yangu. Ndugu yangu yuko hai, hayuko mbali na pale, pengine saa ile alikuwa amepinda mgongo kwenye bustani ya gereza, na dada yake anamsomea Fatiha. Nikaitikia amin kwa sauti kuliko wote. Chozi likanitoka, na mama wa kijana akanifuta kwa ncha ya mtandio wake, akaniambia nijikaze, ndiyo dunia.

Tangu hapo nikaacha kwenda gerezani. Niliogopa mtu wa Turiani asinione kwenye foleni.

Wiki mbili kabla ya harusi nikapata mgeni, afisa mmoja wa mambo ya kifungo cha nje, binti mdogo wa umri wa mwanangu, ameongozana na mwenyekiti wa mtaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibuni."

Akanieleza kwamba mdogo wangu ana tabia njema, amependekezwa amalizie kifungo chake nje, awe anafanya kazi za jamii mchana na kulala nyumbani. "Ila lazima familia ikubali kumpokea," akasema, "na awe na pa kulala panapojulikana. Yeye ametaja hapa kwako."

"Hapa pamejaa, mwanangu."

Mwenyekiti akadakia, "Na kile chumba cha uani? Si alijenga mwenyewe?"

"Kile siku hizi ni banda la kuku," nikasema. Kisha nikaongeza kitu ambacho hakuna aliyeniuliza. "Halafu majirani wanamwogopa."

Mwenyekiti ni jirani yangu. Alijua sina kuku hata mmoja. Akaangalia viatu vyake.

Afisa hakuandika haraka. Akaniambia, "Mama, asipokuwa na pa kufikia, jambo hili litakwama na atamaliza kifungo chote ndani. Naomba ufikirie. Nitapita tena keshokutwa."

Nikafikiria kweli. Jioni ile nikaazima kuku kwa jirani, nikawafungia mle chumbani. Kitanda chake kilikuwa mle, godoro limekunjwa, koti lake bado liko msumarini. Afisa aliporudi nilimfungulia mlango kwa mkono wangu huu. Uvundo ulishaanza. Tetea mmoja alikuwa ametulia juu ya godoro na koti lilikuwa na kinyesi begani.

"Umejionea mwenyewe," nikamwambia, na nilitabasamu.  Akafunga faili lake, akaaga kwa adabu.

Harusi ilifana, kila mtu alisema hivyo. Baadaye nikaona niende kumtazama, labda roho itulie. Alikuja kwenye wavu amekonda. Kabla sijafungua mdomo, yeye ndiye aliyeniomba msamaha.

"Dada, unisamehe. Nimekusumbua na watu wa ofisi wakati una shughuli. Wameniambia nyumba ilijaa, na kwamba unamwoza binti."

Nikajifanya natafuta sabuni kwenye mfuko.

"Mkekani alikaa nani?"

"Binamu."

"Basi vizuri. Mwambie mwanangu radhi yangu anayo."

Mtu mwenye utu angesema ukweli pale pale. Mimi nilimwachia sabuni nikarudi nyumbani, na kuku sikuwatoa. Jirani alikuwa amekubali kuniuzia, na walikuwa wanataga vizuri. Nayaandika haya ili mjue ni mtu wa namna gani anayezungumza nanyi.

Akamaliza kifungo chake chote ndani. Siku aliyotoka sikuijua, maana nilishaacha tena kwenda. Binti yangu alikuwa kwangu, amejifungua, na wakwe wamekuja kutoka Turiani kumwona mtoto. Tumekaa barazani, nikasikia hodi. Nikainua macho, nikamwona amesimama na kifurushi kwapani, shati la zamani linampwaya.

Mama mkwe akamkaribisha, kisha akanigeukia. "Mwenzangu, huyu ni nani?"

"Fundi," nikasema. "Amekuja kwa ajili ya banda la kuku."

Mdogo wangu akanitazama. Sijawahi kutazamwa vile na sitaki kutazamwa vile tena. Akamgeukia yule mama, akasema kwa heshima, "Ndiyo, shikamoo mama. Nimekuja kuangalia banda."

Akazunguka uani. Nikasikia mlango ukifunguliwa, kuku wakalia, kisha kimya. Akapita nyuma kwenye migomba akaondoka, na mimi niliendelea kumimina chai.

Binti yangu ndiye aliyeshindwa. Alikuwa amemwona kupitia dirishani, akatoka ndani amempakata mtoto, akasema mbele ya wote, "Mama, yule si mjomba?" Halafu akawaeleza wakwe zake kila kitu, kuanzia Fatiha mpaka kuku, huku analia.

Nilisubiri matusi. Ningeyapokea kwa furaha. Mama mkwe akasema, "Ungetuambia tu. Tungemfuata huko huko tukamwomba binti. Siku za wageni zipo. Jela si kaburi, mwenzangu."

Baba mkwe akainuka. Alimuuliza binti mjomba wake ameelekea wapi, akavaa kofia yake akatoka. Alimkuta kituo cha mabasi, amekaa kwenye benchi, hana anakokwenda. Akaondoka naye Turiani. Mpaka leo anaishi kwao. Wamempa chumba na kipande cha shamba la mpunga. Watu niliowaficha kwamba yupo ndio waliompa pa kulala.

Nimemfuata. Alinipa kigoda, akaniletea maji, akanisikiliza nikilia mpaka nikachoka. Akasema, "Dada, nimekusamehe. Nyumba ya mama kaa tu, sina ugomvi. Ila kwako sirudi."

Chumba nimekisafisha. Nimetoa kuku, nimepiga chokaa, nimenunua godoro jipya. Kinanuka vile vile, au ni pua yangu.

Wewe mwenye ndugu ndani, nenda kamwone. Na siku akija afisa kuuliza kama ana pa kulala, mwonyeshe hata sakafu ya sebule, mwonyeshe hata jikoni. Usiseme hana. Aibu ya kuwa na ndugu mfungwa watu wanaizoea, hata wakwe. Hii niliyonayo mimi hakuna aliyeizoea, hata mimi mwenyewe.

Binti yangu wa pili naye ameposwa. Nilituma ujumbe Turiani, sikutegemea jibu. Mdogo wangu amejibu kwamba atakuja, kwa sababu mtoto ni wa ukoo na hana kosa. Atakaa mkekani, atasema neno lake, ataondoka siku hiyo hiyo. Ameomba nisihangaike kumpikia, na maji ya kunywa atabeba mwenyewe.