Siku Sinus Iliponitoroka

Nilikuwa mwaka wa tatu wa matematiki chuoni, mmoja wa wasichana wawili katika darasa letu hapa Goma, profesa alipotuanzishia fonksio nzima, kanuni za kugeuza namba kuwa namba nyingine. Alikuwa muzee wa upande wa Bukavu, mpole, mwenye kuandika polepole. Alituambia ni fonksio ambazo kwenye uso wote wa namba kompleksi, zile zenye i, kipeuo cha pili cha hasi moja, hazina tundu wala kona. Popote unapozichunguza ni laini. Kisha akaandika mstari mmoja: fonksio ya namna hiyo isipopita kimo fulani mahali popote, basi haibadiliki kabisa. Ni namba ileile kila pahali.

Sikukubali. Tangu sekondari nilijua sinus, lile wimbi la hesabu za pembe, inapanda hadi moja, inashuka hadi hasi moja, haitoki humo, na bado inabadilika. Nikainua mkono, nikasema kwamba teorema ina kosa.

Wenzangu wakacheka. Muzee hakucheka. Alininyoshea chaki.

"Njoo, mama. Umeitazama kwenye namba halisi tu. Tia ndani yake i mara kumi, utuambie unapata nini."

Nikaiandika sinus kwa eksponensiali, kama alivyotufundisha wiki iliyotangulia, na mwenzangu wa dawati akanisomea jibu kwenye mashine yake ya hesabu. Ukubwa ulipita elfu kumi na moja. Nikatia i mara ishirini: zaidi ya milioni mia mbili. Nilibaki nimeligeuzia darasa mgongo, siwezi kugeuka. Sinus niliyoichora kwenye madaftari miaka yote ilikuwa na upande huu wote, na sikuwahi kuuona.

Muzee hakunionea. Aliniacha nisimame pale pembeni mwa ubao, akaendelea. Tuseme polinomi fulani inayobadilika haina mzizi wowote, yaani haifiki sifuri popote, akasema. Basi moja ukiigawa kwa polinomi hiyo unapata fonksio nzima, tena isiyopita kimo fulani, kwa hiyo haibadiliki, na polinomi nayo haibadiliki, jambo lisilowezekana. Ndiyo kusema kila polinomi inayobadilika ina mzizi. Mistari mitano tu. Jambo hilo tulikuwa tumeliamini tangu utoto wetu shuleni bila mtu kutuonyesha kwa nini.

Alasiri nilirudi mtaani kwetu Katoyi kwa miguu. Mama, mfanyabiashara wa maharage aliyezoea njia ya Butembo, alikuwa akichambua mzigo uani. Nikakaa kumsaidia, nikamweleza kadiri nilivyoweza: kitu kikiwa laini kila mahali, hakiwezi kubadilika huku kikibaki ndani ya ua.

Alitupa kando kijiwe kimoja, akauliza:

"Nani alikikataza?"

Nikamwambia hakuna aliyekikataza. Ndivyo kilivyo, hapa na popote.

Aliacha mikono juu ya ungo. Kisha akaniomba nimweleze tena, polepole, kuanzia mwanzo.

Mwaka uliofuata niliandika kazi yangu ya kumaliza chuo juu ya fonksio hizo. Leo nazifundisha, na nikifika kwenye mstari ule wa muzee sauti yangu hushuka yenyewe.